Gauni la Pande Mbili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanifokea, kwa sababu nikianza na mwisho utasema mama gani huyu, lakini nikianza na mwanzo huenda ukanielewa kidogo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu na kwa mwezi tunamwona siku nne au tano, naishi na mama mkwe, na nina binti mmoja wa miaka minane ambaye nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu tangu aanze kutembea hapangiwi cha kufanya, viatu vya mlangoni lazima vyote viangalie upande mmoja, na mgeni akivua vyake hovyo Bosi ataacha chakula mezani aende kuviweka sawa.

Bosi ana usonji. Daktari alituambia akiwa na miaka minne. Sauti anayo, na ana nyimbo zake anazoziimba bila maneno, lakini neno la kuomba maji au la kusema tumbo linauma halitoki. Mume wangu alisema fanya unavyoona inafaa, akapanda lori. Mama mkwe alisema mjukuu wake hana kasoro yoyote, amechelewa tu kuongea kama baba yake alivyochelewa, na kwamba hakuna mtoto wa nyumba hii atakayepelekwa shule ya wale, na alivyotamka hilo neno wale nikajua mjadala umefungwa.

Basi nikampeleka shule ya kawaida, hiyo hiyo ninayoishonea sare, na mwalimu mkuu akamkubali kwa sharti kwamba awe mtoto wa kujimudu. Mwaka wa kwanza hesabu zake zilimshangaza kila mtu, lakini alikuwa akikaa tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka bila kuomba chochote kwa yeyote. Ndipo nikasikia habari za shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, nikaenda kimyakimya, na mwalimu mmoja wa pale, mimi namwita Mwalimu wa Kadi, akanionyesha kadi ndogo za picha, kuna ya maji, ya choo, ya naumwa, ya kelele zimezidi, mtoto anachomoa moja anakuwekea mkononi nawe unajua. Baada ya miezi mitatu ya kumpeleka kwake, mshauri, binti yangu alinifuata jikoni akaniwekea mkononi kadi ya maji, na nilimimina yale maji nikayamwaga nusu kwa kulia.

Ni huyo Mwalimu wa Kadi aliyeshauri tusimtoe kule kwingine. Alisema Jumatatu mpaka Jumatano akae shule ya kawaida kwa ajili ya hesabu na wenzake, Alhamisi na Ijumaa aende kwake kwa ajili ya kujifunza kuwasiliana, na walimu wa pande zote mbili wawe wanazungumza ili anachofundishwa huku kifuatwe na kule. Ulikuwa mpango mzuri, mimi ndiye niliyeuharibu.

Shule ya kawaida niliwaambia Alhamisi na Ijumaa Bosi anahudhuria zahanati. Niliogopa kwamba wakisikia shule maalumu watasema basi huyu si wa kujimudu, mchukue akae huko huko. Mwalimu wa Kadi nilimwambia wenzake wa shule ya kawaida wanajua kila kitu na wamefurahi. Mama mkwe nilimwambia shule ni moja na siku ni tano. Ukitaka kujua uongo mmoja unavyozaa mwingine njoo ukae siku mbili kwangu.

Shida ikawa sare. Shule ya kawaida wanavaa bluu, shule maalumu wanavaa kijani, na kuficha gauni la pili kwenye begi haiwezekani, kwa sababu Bosi akirudi nyumbani anamwaga begi lote sakafuni mbele ya bibi yake, anapanga kalamu, daftari, kifutio, kimoja kimoja kwa mstari. Tena nguo mpya haikubali, gauni la bluu lenyewe lilichukua miezi miwili mpaka akakubali kulivaa. Basi nikalifanyia ufundi. Ni gauni lisilo na mikono, la kuvaa juu ya blauzi, nikalishonea kitambaa cha kijani kwa ndani, mishono yote nikailaza isimkwaruze, likawa gauni la pande mbili. Upande wa kijani, ubavuni kulia chini ya kwapa, nikaweka mfuko wa kadi kama shule yao inavyotaka, na gauni likigeuzwa bluu mfuko unaangukia kushoto, kwa ndani. Alhamisi na Ijumaa tunatoka nyumbani bluu ikiwa nje, njiani tunaingia choo cha nyuma ya duka la kutoa kopi, mwenye duka ni mteja wangu, namvua, naligeuza, namvika. Jioni tunarudia kinyume chake. Nasema ukweli kwamba kwa kazi ya mikono lile gauni nililionea fahari.

Kadi zenyewe kila Jumapili nazitoa mfukoni nazificha kwenye kopo la vifungo, maana mwalimu wa bluu akiziona atauliza zimetoka wapi, na mama mkwe naye vilevile. Halafu kuna daftari. Mwalimu wa Kadi alituma daftari la kwenda na kurudi, ili mwalimu wa kule aandike kila wiki mtoto anaendeleaje. Mwalimu wa kule hajawahi kuliona. Naandika mimi, kwa mkono wa kushoto, kwamba anaendelea vizuri na kadi anazitumia.

Sasa mwezi uliopita mwalimu wa darasa, huyo wa bluu, alinipa karatasi kwamba mtoto anajikuna sana, anaingiza mkono wa kulia kwenye tundu la mkono wa kushoto la gauni na kujikuna ubavuni kutwa nzima, huenda ana ugonjwa wa ngozi, nimpatie matibabu. Juzi mwalimu mkuu naye akanisimamisha. Anataka barua ya zahanati inayosema ni ugonjwa gani na kwa nini Alhamisi na Ijumaa, nikimaliza wiki mbili bila barua nafasi atampa mtoto mwingine. Dada yangu ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, amesema niache kuhangaika, barua ataiandika yeye, ugonjwa wa ngozi, na mhuri uko mezani kwake.

Ningeichukua, mshauri. Nilishaamua. Lakini Jumatano nilipokwenda kumchukua Bosi, yule mtoto anayekaa naye dawati moja alinifuata getini, akaniamkia vizuri, akasema, "Mama Bosi, mwalimu anasema anajikuna, lakini hajikuni. Anatafuta kitu ndani ya gauni. Anatafuta nini?"

Nikamjibu anawashwa tu. Akaenda zake. Nilipofika nyumbani na Bosi amebadilisha nguo, nililitandika gauni mezani, bluu juu, nikapitisha mkono wangu kwenye lile tundu kama yeye anavyofanya, na vidole vikaingia moja kwa moja kwenye mfuko. Mfuko ulikuwa mtupu, kadi nilizitoa mwenyewe Jumapili. Halafu nikakumbuka kwamba Jumatatu, Jumanne na Jumatano akifika nyumbani hata begi hamwagi kwanza, anakimbilia choo, na mimi siku zote nilidhani ni mazoea yake tu.

Sijamwambia mtu. Nimekaa na jambo hili tangu Jumatano na kazi za watu zinalala. Naomba uniambie nifanyeje, nichukue barua ya dada yangu mambo yatulie, au nimtoe shule maalumu akae bluu siku zote tano nisiwe na cha kuficha, au nimtoe bluu nikubali yaishe. Nichague shule ipi?

Ni mimi,
Mama Bosi, fundi cherehani

*

Mama Bosi,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Pole. Umebeba shule mbili, mama mkwe, na gauni lenye siri ndani yake, na mwenzako yuko barabarani. Pole hiyo ni ya kweli na ishike, kwa sababu maneno yanayofuata si matamu.

Unaniuliza uchague shule ipi. Hakuna mtu aliyekuambia shule mojawapo ni mbaya. Daktari hakusema, Mwalimu wa Kadi hakusema, hata mtoto mwenyewe hajakataa kwenda. Kule anapata hesabu na mwenzake wa dawati, huku anapata namna ya kuomba maji. Wiki iliyogawanywa tatu kwa mbili inawezekana kabisa, watoto wengi wanaiishi, ila inataka kitu kimoja ambacho wewe umekizuia kwa mikono yako: kwamba anachopewa upande mmoja akikute na upande wa pili. Ulipewa mpango wenye walimu wawili wanaozungumza, ukaondoa mazungumzo ukabakiza safari. Sasa mtoto ana kauli siku mbili, na siku tatu anakaa na haja zake kimya tangu asubuhi, mkono ukiwa kwenye mfuko uliouacha mtupu. Usijaribu kuliita jambo hilo kwa jina jingine.

Nikuambie jambo linalonihusu. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilifundisha madarasa ya chini miaka kumi na tisa. Ningemwona Bosi anaingiza mkono kwapani, ningeandika karatasi ile ile, neno kwa neno, na ningejiona mwalimu makini. Kwa hiyo simlaumu mwalimu wa bluu. Aliona alichoweza kuona. Wewe ulikuwa na sababu yote mezani kwako, imeshonwa vizuri, na ikabidi mwenzake wa dawati akufungue macho. Hapo nimekukasirikia, nakuambia waziwazi.

Barua ya dada yako usiipokee. Mshukuru, mwambie amekupenda, mhuri wake aurudishe mahali pake. Fikiria kidogo tu: ukimpelekea mwalimu mkuu barua ya ngozi, Bosi atapakwa dawa ya kuwashwa kwa kutafuta kadi. Halafu mwalimu atamkataza kuingiza mkono, kwa nia njema kabisa, na hata kule kutafuta kutakwisha. Mtoto anayetafuta bado ana tumaini kwamba kitu kipo.

Ila zahanati utakwenda kweli. Mpeleke Bosi akapimwe mkojo, umweleze daktari kwamba siku tatu kwa wiki amekuwa akijizuia tangu asubuhi mpaka jioni. Usimwambie nusu. Nusu nusu ndizo zilizokufikisha hapa.

Baada ya hapo nenda kwa Mwalimu wa Kadi, na uende na lile daftari. Mwonyeshe kurasa ulizoandika kwa mkono wa kushoto. Utaona aibu sana na utatamani sakafu ifunguke. Vumilia, itapita. Atakasirika au hatakasirika, hilo ni lake, lakini anafundisha akiamini habari ulizozitunga, na kila alichopanga kwa ajili ya mtoto wako kimejengwa juu ya kurasa zile. Kisha mwombe jambo moja: mfuatane wote wawili kwa mwalimu mkuu. Usiende peke yako, maana nakuona tayari, utafika mlangoni ukute umeshatunga hadithi nyingine. Mwalimu wa Kadi ataeleza kadi ni nini na mwalimu wa darasa azipokee vipi, ni kazi ya dakika chache kuifundisha. Na hilo neno la kujimudu msilikwepe. Mwambieni kwamba mtoto anayechomoa kadi ya choo na kumpa mwalimu anajimudu, aliyeshindwa ni yule aliyenyang'anywa kadi.

Je, atakubali? Sijui. Sikudanganyi. Anaweza kukataa, akakuambia mchukue mwanao, na utalia njia nzima, na itabidi utafute shule nyingine ya kawaida yenye moyo mpana zaidi. Lakini ona unacholinda sasa hivi. Unalinda nafasi ambayo mtoto anaikalia bila kuweza kuomba kwenda choo. Kuipoteza kwa kusema kweli ni hasara unayoweza kuiziba, na kuendelea nayo namna hii ni kumwumiza kila Jumatatu.

Sasa gauni. Sikuambii ulichome wala ushone mapya mawili. Limemchukua miezi miwili kulikubali, na mwenye kulivaa ni yeye, basi libaki la pande mbili. Lakini upande wa bluu uwe na mfuko wake, nje, ubavuni kushoto chini ya kwapa, pale pale mkono wake unapokwenda, na ndani yake kadi zote, siku zote tano. Tengeneza seti ya pili ikae jikoni, nje ya kopo la vifungo. Na kwa kuwa Bosi anapenda vitu kwa mstari, chukua vipande vya mabaki, vitatu vya bluu na viwili vya kijani, uvishone kwa mfuatano uvitundike ukutani anapovalia nguo. Kila asubuhi aonyeshwe kipande cha siku hiyo. Atajua anakokwenda kabla hajavuka mlango, jambo ambalo mpaka leo amelijulia chooni kwa mtu wa kutoa kopi.

Na choo kile ndio mwisho. Alhamisi gauni ligeuzwe nyumbani, sebuleni, mama mkwe akiwa amekaa hapo hapo anakunywa chai yake.

Najua hapo umeshika kichwa. Huyo bibi nimemfikiria sana, pengine kuliko unavyodhani. Anampenda mjukuu, ndiyo maana anakataa. Usimpelekee hotuba wala karatasi za daktari. Siku moja kabla ya hiyo Alhamisi mpe Bosi kadi zake mkiwa wote sebuleni, ukae kimya, ungoje. Mtoto akishikwa na kiu, huenda akamwekea bibi yake mkononi picha ya maji. Bibi huyo hajawahi kuombwa kitu na mjukuu wake, ulimnyima hilo na yeye. Akiuliza mtoto amejifunzia wapi, mtajie shule kwa jina lake na siku zake. Akinuna, anune. Mama mkwe aliyenuna nyumba inamvumilia, na mumeo mpigie simu siku hiyo hiyo umwambie safari hii anatakiwa kusema kitu zaidi ya fanya unavyoona.

Mambo haya yote yanakaa ndani ya wiki zako mbili, ukiacha kuhesabu na ukaanza kesho. Kazi za watu zingoje. Mfuko mmoja kwako wewe haufiki nusu saa.

Lipo bado deni moja. Yule mwenzake wa dawati alikuuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa na watu wazima kwenye barua yako, ukamjibu anawashwa. Jumatatu ukifika getini mtafute. Mwonyeshe mfuko mpya, na kadi ya choo, na kadi ya kelele, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwekewa mkononi. Kisha umjibu. Mwambie alikuwa anatafuta kadi zake, na mama yake ndiye aliyezitoa.